Ati, Hiyo Nayo Ni Kazi?

Kuna swali ambalo kila mwalimu wa lugha katika nchi zetu amelisikia, na huenda kesho atalisikia tena. Mwanafunzi anayetunga mashairi, au anayechora, au mwenye sauti ya kuimba, anapoulizwa atafanya nini baada ya masomo, hujibu kwa haya kwamba angependa kuishi kwa kipaji chake. Hapo mzazi humgeukia mwalimu, naye mwalimu humgeukia mtoto, na wote wawili husema kwa kinywa kimoja: "Ati, hiyo nayo ni kazi?"

Sisi twasema kwamba swali hilo ni ovu kwa namna linavyoulizwa. Aulizaye hataki jibu, ataka kumnyamazisha mtoto. Lakini twasema pia, na hili huenda likawaudhi baadhi ya rafiki zetu, kwamba wale wanaomjibu mtoto huyo, "Fuata moyo wako tu, mambo yatajipa," humdhuru kuliko yule anayemkataza. Makosa ni mawili, wala hatuna nia ya kuliacha hata moja.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kazi ni ofisi. Dhana hii si ya wazee wetu. Ililetwa na shule ya kikoloni, ambayo ilihitaji makarani, wakalimani na walimu wasaidizi, ikawafundisha vijana kwamba mtu aliyeajiriwa ndiye mtu aliyefaulu. Wakoloni wameondoka, karani amebaki moyoni mwetu. Kabla ya hapo, pwani ya Afrika Mashariki ilijaa watu walioishi kwa ustadi wao: wachonga milango wa Lamu na Unguja, waunda majahazi, washona kofia, wafua fedha, malenga na wapiga ngoma. Lugha yetu yenyewe yatoa ushahidi. Tuna neno fundi na neno mwanagenzi. Tuna kilemba, yaani ada aliyopewa fundi na mwanafunzi wake alipohitimu. Tuna ujira na ijara. Tuna kutunza, ambako ni kumpa mwimbaji fedha mbele ya hadhara, bila kificho wala soni. Watu wasioona sanaa kuwa ni kazi hawangehitaji maneno yote hayo. Mwalimu wa Kiswahili anayemwambia mtoto kwamba ufundi haulipwi, aifunge kwanza kamusi yake.

Tumtazame Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, katika nyumba ya watu duni, karibu na mwaka 1880. Alikuwa akiuza vyungu, akivitembeza na kuvinadi kwa sauti. Mnamo mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa muziki, akaingia katika taarabu. Walikuwapo waliomdhihaki kwa unyonge wa ukoo wake na kwa kazi ya vyungu. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri, na sauti yake ikaenea pwani nzima kwa Kiswahili. Alipofariki mwaka 1950 hakuna aliyethubutu kuuliza kama alikuwa na kazi. Shaaban Robert mwenyewe aliandika wasifu wake, na kitabu hicho bado twakifundisha. Basi ni ajabu ilioje kumsomesha mtoto wasifu wa Siti asubuhi, na jioni kumkanya asiimbe!

Tumtazame na Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, kusini mwa Tanzania. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akaenda Dar es Salaam akawa mtumishi wa nyumbani. Karibu na mwaka 1968 alianza kuchora kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, kwa kuwa hivyo ndivyo vitu alivyoweza kuvinunua. Picha zake za chui, ndege na tembo ziliuzwa nje ya duka moja la Oysterbay, mtaa waliokaa wageni wengi. Aliuawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mwizi. Alikuwa amechora kwa miaka minne hivi, lakini aliacha wanagenzi wachache, wengi wao jamaa zake, nao wakafundisha wengine. Mwaka 1990 wachoraji hao wakaunda ushirika wao rasmi. Leo jina la mtu huyo ni jina la mtindo mzima wa uchoraji, na jamaa nyingi zimekula, zimevaa na zimesomesha watoto kutokana nao.

Hadi hapa rafiki zetu wa "fuata moyo wako" watapiga makofi. Wasubiri kidogo. Hilo ni kosa la pili, nalo twalijia sasa.

Ukiwasimulia vijana habari za Siti na Tingatinga ukaishia kwenye sifa, umewadanganya. Siti hakufikia kilele chake kwa kupenda kuimba tu. Alijifunza chini ya watu waliojua kazi, kwa muda mrefu. Tingatinga hakuacha kila kitu akakaa chini ya mti kungoja baraka. Katika miaka yake ya uchoraji alipata pia kazi ya mshahara katika Hospitali ya Muhimbili, akawa mfanyakazi na mchoraji kwa wakati mmoja. Naye Shaaban Robert, ambaye twamwita baba wa fasihi yetu ya kisasa, alikuwa karani wa serikali kwa zaidi ya miaka thelathini, tangu idara ya forodha hadi idara ya upimaji wa ardhi. Mengi ya maandishi yake makuu aliyatunga huku akila mshahara wa karani. Hatusemi hivyo kumpunguzia heshima. Twasema kwa sababu kijana anastahili kuujua ukweli: mapenzi hayalipi kodi ya nyumba, na aghalabu kipaji huhitaji kazi nyingine ya kukishika mkono mpaka kiweze kusimama.

Kuna methali tunayoifundisha bila kuitafakari: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imewafilisi mafundi wengi. Vyungu vya Fumba havikujiuza, Siti alivitembeza. Picha za Tingatinga hazikujiuza, zilipelekwa zikasimamishwa mahali wapitapo watu wenye fedha. Fundi anayeketi nyumbani akisubiri uzuri wa kazi yake umwitie wateja atakufa njaa, na uzuri huo utazikwa naye. Methali ni hazina yetu, lakini hazina nayo hukaguliwa.

Tena kuna jambo zito kuliko soko, nalo ni umiliki. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu huko Kongo, alifika Dar es Salaam mwaka 1978, akaimba kwa Kiswahili, akapendwa hadi Ulaya, na akafariki huko huko Dar es Salaam mwaka 2010. Bendi iliyompa sifa iliitwa Super Matimila. Je, wangapi wanajua kwamba jina hilo lilikuwa la mfanyabiashara mwenye vyombo vya bendi? Sauti ilikuwa ya Ongala, bali magitaa yalikuwa ya mwingine, na mwenye magitaa ndiye aliyeandikwa mlangoni. Au tuutazame wimbo wa "Malaika", uliorekodiwa na Fadhili William, kisha ukaimbwa na Miriam Makeba na hata na kundi la Boney M huko Ulaya. Mpaka leo watu zaidi ya mmoja, wa Kenya na wa Tanzania, hutajwa kuwa ndio waliotunga. Wimbo wa Kiswahili unaojulikana kuliko karibu nyimbo zote hauna baba mmoja anayekubalika, kwa kuwa ulipozaliwa hapakuwako karatasi yenye jina, tarehe na sahihi.

Sheria zipo. Tanzania ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, Kenya ilitunga yake mwaka 2001, na Uganda mwaka 2006. Lakini sheria isiyojulikana na mwenye haki ni kama shoka lisilo na mpini. Ni mwanafunzi gani wa kidato cha nne anayeweza kueleza tofauti ya kuuza nakala ya kazi yake na kuuza haki zote za kazi hiyo? Tumemfundisha vina na mizani, tamathali na takriri. Hatukumfundisha kwamba shairi ni mali.

Sasa tuingie nyumbani mwetu, kwani mchuma janga hula na wa kwao. Sisi walimu wa Kiswahili wa nchi zilizo mbali na pwani ni wafuasi wa kazi isiyo ya kawaida, tupende tusipende. Palikuwa na zama ambapo aliyesema katika miji ya Uganda au Burundi kwamba ataishi kwa Kiswahili alichekwa kama anavyochekwa leo mchoraji. Upepo umegeuka. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Umoja wa Afrika ulikikubali kuwa lugha ya kazi mwezi Februari 2022, na Julai ya mwaka huo huo baraza la mawaziri la Uganda likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Pale Kongo mamilioni ya watu wa mashariki hukisema tangu zamani, na nchi hiyo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022.

Lakini twafanya nini na upepo huo? Ofisi hututaka tutafsiri mabango ya afya, nasi twatafsiri kwa asante. Mgeni wa heshima anapokuja, tunaombwa utenzi wa kumkaribisha, nasi twautunga usiku kucha kwa asante. Mkutano wakosa mkalimani, twaitwa, twaketi saa sita tukikalimani, kisha twapewa soda na asante. Mwenye viti amelipwa. Mwenye hema amelipwa. Mpishi amelipwa, na ndivyo ipasavyo. Mwenye lugha ndiye peke yake anayeambiwa kwamba anaitumikia lugha. Asante ni neno zuri, lakini halijazi kibaba. Na mwanafunzi wetu, anayetuona tukirudi mikono mitupu, hujifunza somo ambalo hakuna mtaala ulioliandika: kwamba ujuzi wa lugha hauna bei.

Watu watatujibu kwamba sisi ni matajiri wa maneno, na mzazi wa mwanafunzi ni maskini wa fedha. Aliuza mbuzi kulipa karo, naye ataka mwana aliye na mshahara. Hoja hii ni ya haki, wala hatuidharau. Tena ni kweli kwamba si kila aimbaye atakula kwa kuimba. Wengi watajaribu na wachache watasimama. Lakini twauliza: hizo ofisi ziko wapi? Mzazi huyo aangalie vijana wangapi wa kijijini kwake wana vyeti ndani ya sanduku na hawana kazi. Njia ya ofisi nayo ni bahati nasibu, ila tumezoea kuiita busara. Twachotaka ni kijana ajue hatari ya kila njia na vifaa vya kila safari. Kumsukuma kila mtoto kwenye sanaa si shauri letu.

Kwa hiyo twaleta mapendekezo manne, na twaomba yajadiliwe katika matawi yetu.

Kwanza, kila mwalimu wa fasihi afundishe, pamoja na maisha ya mtunzi, namna mtunzi huyo alivyokula. Mwanafunzi ajue kwamba Shaaban Robert alikuwa karani, kama anavyojua alizaliwa mwaka 1909.

Pili, kila kazi ya mwanafunzi iandikwe jina na tarehe, na nakala moja itunzwe shuleni. Gharama yake ni daftari moja. Laiti daftari la namna hiyo lingalikuwako siku "Malaika" ulipotungwa!

Tatu, mtaala wa sekondari ya chini ulioanza Uganda mwaka 2020 umeweka Kiswahili na ujasiriamali katika madarasa yale yale. Walimu wa masomo hayo mawili wakutane. Mmoja anajua kutunga na mwingine anajua kupiga hesabu za gharama na faida. Mwanafunzi aandike mapatano ya kazi kwa Kiswahili safi, apige bei ya tafsiri ya kurasa kumi, na aulize mapema nani atabaki na haki.

Nne, chama kipange viwango vya malipo ya kutafsiri, kukalimani na kutunga, na kila mwanachama avishike. Kazi ya kujitolea iendelee kwa msiba, kwa shule maskini na kwa majirani, lakini iwe hiari yetu sisi, isiwe desturi ya wenye mafungu ya fedha.

Wapo watakaosema kwamba kuzungumza habari ya fedha ni kuishusha hadhi lugha. La hasha. Fundi wa zamani alipopokea kilemba mbele ya watu hakushuka, alipanda, na mwanagenzi wake alipanda pamoja naye. Basi siku mtoto atakaposimama darasani aseme kwamba ataka kuishi kwa kipaji chake, tumwulize maswali yaliyo na maana: utajifunza kwa nani, kwa miaka mingapi, utakula nini wakati huo, utamwuzia nani, na jina lako litaandikwa wapi? Akiweza kuyajibu, tumpishe njia. Asipoweza, tumfundishe kuyajibu, kwani hiyo ndiyo kazi yetu, nayo yatupasa tulipwe.