MASHAURI YA PIKIPIKI: Spidomita Mpya Isiyosema Kweli

Barua iliyonifikia majuma mawili yaliyopita kutoka kwa msomaji mmoja, mkulima wa upande wa Kericho, nimeona yafaa kuijibu hapa gazetini wala si faraghani, kwa kuwa jambo lililompata yeye huwapata wengine wengi nao wasijue. Asema kwamba spidomita ya pikipiki yake iliharibika, naye hutumia pikipiki hiyo kila asubuhi kupeleka maziwa, na kurudi na chakula cha ng'ombe. Akanunua nyingine mjini, si ile ya kiwanda kilichounda pikipiki yake, bali ya kuiga, ambayo huuzwa kwa bei nafuu. Fundi akaifunga kwa muda wa nusu saa. Mshale ukapanda na kushuka vizuri, taa zikawaka, naye akaenda zake ameridhika.

Baada ya miezi mitatu akasimamishwa na polisi wenye chombo cha kupimia mwendo, katikati ya kituo cha biashara ambapo sheria haimruhusu mtu kupita kilomita 50 kwa saa. Wakamwambia kwamba alikuwa akienda 70. Yeye alikuwa ameutazama mshale dakika ile ile, nao ulikuwa umesimama juu ya 50 kamili. Faini amekwisha kuilipa. Kinachomwuma zaidi ni kwamba aliitwa mwongo mbele ya watu wanaomjua na wanaomwuzia maziwa. Aniuliza kama chombo cha polisi chaweza kukosea kiasi hicho, na kama yampasa kudai haki yake.

Kisha, mwishoni mwa barua, kama mtu anayekumbuka jambo dogo alipokuwa tayari kuifunga bahasha, ataja shaka nyingine. Zamani lita moja ya petroli ilimpeleka kilomita 50. Siku hizi yampeleka 36 tu. Amshuku kijana wa pampu.

Ndugu yangu, maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonionyesha ugonjwa. Chukua 70 uigawanye kwa 50, utapata 1.4. Chukua 36 uizidishe kwa 1.4, utapata 50 na kitu kidogo. Hesabu ya polisi na hesabu ya petroli hazijuani kabisa, walakini zimetoa jibu moja. Kwa hiyo polisi hawakukuonea, wala kijana wa pampu hakukuibia. Aliyekudanganya ni yule uliyemlipa fedha zako dukani ukamfunga juu ya usukani.

Ili jambo hili lieleweke, hapana budi tuseme kidogo jinsi chombo chenyewe kifanyavyo kazi. Ndani ya habu ya gurudumu la mbele mna gea ndogo, aghalabu ya plastiki, inayozungushwa na gurudumu. Gea hiyo huzungusha waya uliosokotwa ambao umo ndani ya kebo, na waya huo hupanda mpaka nyuma ya spidomita. Humo juu huzungusha sumaku. Sumaku yazunguka ndani ya kikombe chepesi cha alumini bila kukigusa hata kidogo. Lakini kwa nguvu ya umeme inayozaliwa katika alumini, kikombe huvutwa kuifuata. Kamani nyembamba kama ile ya saa ya mkononi hukizuia kisizunguke, na mahali nguvu hizo mbili zinapolingana ndipo mshale unaposimama. Mjerumani Otto Schulze ndiye aliyepata hati ya uvumbuzi huo katika mwaka wa 1902, na pikipiki nyingi za bei ya kati zinazouzwa kwetu leo bado zautumia. Zile tarakimu zinazohesabu kilomita huzungushwa na waya ule ule kwa gea nyingine ndogo.

Basi angalia: spidomita haijui kilomita wala saa. Ijuacho ni mizunguko ya waya tu. Aliyeiunda ameiamuru kwamba mizunguko kadha iwe kilomita moja, nayo hutii amri hiyo bila kuuliza imefungwa katika pikipiki gani. Amri zenyewe hazilingani. Ziko spidomita zinazohesabu mizunguko 1,000 kuwa kilomita moja, na ziko zinazohesabu 1,400, kama ilivyo kawaida ya Wajapani na wengi waliowafuata. Pikipiki za Kiingereza za zamani nyingi zilihesabu mizunguko 1,600 kwa maili, ambayo ni karibu sana na 1,000 kwa kilomita. Kwa umbo, spidomita ya namna moja na ya namna nyingine zaweza kufanana kama mapacha: nati ile ile, tundu lile lile, taa zile zile.

Bila shaka pikipiki ya msomaji wetu yatoa mizunguko 1,000, naye ameuziwa spidomita ya 1,400. Akienda kilomita 70 huonyeshwa 50. Akienda 98, mwendo ambao sitaki hata kuufikiria katika barabara yenye watoto wa shule, huonyeshwa 70. Kanuni za kimataifa za vyombo hivi haziruhusu kabisa spidomita ionyeshe mwendo pungufu ya ule wa kweli. Yaruhusiwa kuzidisha kidogo, ili kosa liwe upande wa usalama. Yake yakosea upande wa hatari. Kuhusu kudai haki, sioni njia. Sheria hupima mwendo wa pikipiki, haipimi mshale, na mwenye pikipiki ndiye mwenye kuangalia kwamba chombo chake chasema kweli.

Kuna hasara nyingine ambayo hakuitaja. Ikiwa hubadili oili kila kilomita 2,000, kama wengi wafanyavyo, basi tangu afunge spidomita hii amekuwa akiibadili baada ya 2,800. Yafaa aimwage ile iliyomo leo hii.

Sasa dawa, nayo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kabla ya kununua spidomita yoyote, fungua nati ya kebo pale juu, uitoe katika ile ya zamani. Funga kipande kidogo cha karatasi kwenye ncha ya waya iwe kama bendera. Tafuta mahali tambarare, upime mita 10 kwa utepe wa fundi, utie alama mbili za chaki. Hakikisha tairi lina upepo wa kutosha. Mtu mmoja aketi juu ya pikipiki, kwa maana uzito hulibana tairi, na mwingine aisukume polepole kutoka alama hadi alama huku wa juu akihesabu mizunguko ya bendera. Ukihesabu 10, pikipiki yako yataka spidomita ya 1,000. Ukihesabu 14, yataka ya 1,400. Ukipata hesabu nyingine iliyo mbali na hizo, rudia. Na ikiwa ni ile ile mara ya pili, afadhali utafute ya kiwanda chako mwenyewe, hata kama bei itakuuma.

Hesabu ya spidomita yenyewe mara nyingi imeandikwa kwa herufi ndogo usoni au mgongoni, baada ya herufi K: 1000 au 1400, pengine 1.0 au 1.4. Zipo zisizoandikwa kitu. Kwa hizo, kama ina tarakimu ya mwisho ya kuhesabu mita mia mia, mwombe mwenye duka uizungushe kwa mkono kwa kutumia kipande cha waya wa kebo. Tarakimu hiyo ikisogea nafasi moja kwa mizunguko 100, ni ya 1,000; ikihitaji 140, ni ya 1,400. Mwenye duka atakayekataa usifanye hivyo, mwachie bidhaa yake. Tazama pia kama uso umeandikwa kilomita au maili. Nimeona mtu akijisifu kwamba pikipiki yake haipiti 40 mjini, na 40 hizo zilikuwa za maili, yaani kilomita 64.

Tena, usinunue kitu kabla ya kujua kilichoharibika. Mara nyingi spidomita ni nzima na kebo ndiyo iliyokatika. Inua gurudumu la mbele, ulizungushe kwa mkono, utazame ncha ya waya juu. Ikizunguka, spidomita ndiyo yenye ugonjwa. Isipozunguka, chomoa waya uutazame. Kama haukukatika, basi gea ya ndani ya habu imelika. Kebo na gea zote mbili ni za bei ndogo kuliko spidomita, na fundi mwaminifu atakuambia hivyo. Ncha za waya nazo hutofautiana, nyingine zina pembe nne na nyingine ni bapa kama ulimi wa bisibisi, kwa hiyo chukua ya zamani uende nayo dukani.

Ukiifunga, usiikunje kebo kwa pembe kali, maana mshale utatetemeka daima. Geuza usukani hadi mwisho kulia na kushoto kuona kama kebo haivutwi. Paka waya grisi kidogo sehemu ya chini, na uiache sehemu ya juu, kiasi cha shubiri moja, bila kitu. Grisi hupanda na mzunguko, huingia katika kikombe kile cha alumini, na spidomita mpya hufa kabla ya mvua za vuli.

Kuhusu taa, neno moja tu: usiamini rangi za nyaya. Kila kiwanda kina rangi zake. Fundi na ashike taa ya majaribio, atafute kila waya una kazi gani. Nyaya za indiketa na za taa kubwa huleta umeme katika taa za spidomita, lakini taa ya nyutro, katika pikipiki nyingi, hupata umeme kutoka betri na swichi yake hukamilisha njia kwa kugusa chuma cha injini. Anayeifunga kama zile nyingine ataunguza fyuzi, au taa haitawaka kamwe, naye atasema spidomita ni mbovu. Zile za tarakimu za umeme, zisizo na mshale, hazina taabu ya 1,000 na 1,400, maana nyingi huruhusu uweke mwenyewe mzingo wa tairi lako kwa milimita. Lakini mtu asipouweka, hatakuwa na kweli zaidi ya huyu wa mshale.

Kisha ijaribu. Panda na simu yenye kuonyesha mwendo kwa satelaiti, uiweke mfukoni mwa rafiki aliye nyuma yako, asome yeye wala si wewe. Au mwenzako ahesabu sekunde kati ya alama mbili za barabarani zilizoachana kilomita moja, huku ukishika mwendo mmoja: sekunde 72 ni kilomita 50 kwa saa, sekunde 60 ni kilomita 60.

Wako wasomaji wenye kosa lililo kinyume cha hili, nao hawalalamiki. Spidomita ya 1,000 katika pikipiki ya 1,400 huonyesha kilomita 140 pale palipo 100. Afisa wa nyanjani anayelipwa posho kwa kilomita aweza kuiona kuwa ni baraka. Fomu za safari hupita mikononi mwangu kila mwezi, nami namwonya: safari kutoka ofisi ya wilaya hadi josho la ng'ombe lile lile haiwezi kurefuka kwa sababu mtu amebadilisha spidomita, na mkaguzi wa hesabu hutazama ramani. Atakayekuta hivyo na aandike barua mwenyewe kabla hajaulizwa, na kurekebisha madai yake ya nyuma.

Msomaji wetu wa Kericho na arudi dukani na hesabu yake ya mita 10, aombe kubadilishiwa. Na siku atakapofunga ya tatu, aandike katika kitabu cha pikipiki tarehe, kilomita zilizokuwa katika ile ya kwanza, na kilomita za hii ya pili zikizidishwa kwa 1.4. Akiwa imeonyesha 3,000, aandike 4,200. Mtu atakayeinunua pikipiki hiyo baadaye ataikuta tarakimu imeanza tena kwa sifuri, naye ana haki ya kujua imekwenda mbali gani. Kebo ya zamani, ikiwa nzima, asiitupe. Waya wake wafaa kuzungushia spidomita nyingine dukani.