"LOJIA" ISIWE PAZIA LA ELIMU

Lugha hukua kwa kukopa, na Kiswahili hakijapata kuona haya kukopa. Miongoni mwa maneno kilichoyapokea katika zama hizi za sayansi yamo mengi yenye mkia mmoja: biolojia, jiolojia, saikolojia, ekolojia. Asili ya mkia huo ni neno la Kiyunani "logos", yaani neno, kauli au hoja. Ukitiwa mwishoni mwa jina la kitu, hulifanya jina hilo kuwa la elimu inayokihusu kitu hicho. "Bios" ni uhai; biolojia ni elimu ya viumbe hai.

Hatuna ugomvi na mkia huo. Mwanafunzi ataukuta katika vitabu vya dunia nzima, na TUKI iliupokea hata katika jina la Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990. Ugomvi wetu ni juu ya matumizi yake. Husikika mikutanoni kwamba "ekolojia ya kisiwa imeharibika". Kilichoharibika si elimu. Ni mikoko iliyokatwa na matumbawe yaliyovunjwa. Mgonjwa naye huambiwa "saikolojia" yake si nzuri, hali kinachougua ni nafsi yake, si elimu ya nafsi.

Kosa hilo la maana huzaa jingine lililo kubwa zaidi, nalo ni kumficha mwananchi jambo linalomhusu. Mfano mwema tunao. Kwa istilahi ya kigeni, elimu ya hali ya hewa ni "meteorolojia". Waliotutangulia hawakumtwika mvuvi mzigo huo. Walisema "hali ya hewa", na leo Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotahadharisha juu ya upepo mkali na mawimbi makubwa, nahodha wa Nungwi na mvuvi wa Wete huelewa bila ya mkalimani. Hapo neno jepesi huokoa roho za watu.

Basi kuna haja gani ya kumweleza mwanakijiji habari za kipindupindu kwa jina la "epidemiolojia", au za kisima kilichoingia maji ya chumvi kwa jina la "haidrolojia"? Anachotaka kujua ni vipi maradhi yanaenea, na maji ya kunywa atayapata wapi.

Tunatoa wito kwa watumishi wa Serikali: kila waraka unaokwenda kwenye shehia utaje kwanza jambo lenyewe kwa Kiswahili kinachofahamika, kisha istilahi ifuate palipo na haja. Baraza la Kiswahili la Zanzibar nalo liulizwe kabla ya tangazo kupigwa chapa, si baada ya watu kulipita bila ya kulielewa. Mwananchi hawezi kufuata agizo asilolifahamu, wala si haki kumlaumu kwa kutolifuata.