Upara si Dhahabu

Mwezi Juni 2017 polisi wa Msumbiji waliwatahadharisha wanaume wenye upara kwamba maisha yao yamo hatarini. Watu kadhaa walikuwa wamekwisha uawa wilayani Milange, katika mkoa wa Zambezia unaopakana na Malawi. Kwa maelezo ya polisi, wauaji waliamini kuwa mwenye upara ni tajiri. Wengine walisema hata kwamba kichwani mwake mna dhahabu. Washukiwa walidai kuwa viungo vilikusudiwa wateja wa Malawi na Tanzania. Basi sisi tunaosomesha elimu ya viumbe hatuwezi kusema kuwa jambo hilo halituhusu.

Nashangaa kuona kwamba mwanafunzi aweza kumaliza shule ya sekondari akijua rangi za maua ya njegere za Mendel, wala asiweze kueleza kwa nini utosi wa baba yake unang'aa. Maelezo yenyewe si magumu. Mwaka 1942 Mmarekani James Hamilton alichapisha uchunguzi wake juu ya wanaume waliohasiwa kabla ya balehe. Hawakuota upara. Walipopewa homoni ya testosteroni, wale ambao jamaa zao walikuwa na upara walianza kupoteza nywele, na wengine hawakupoteza. Kwa hiyo mambo mawili hapana budi yakutane: homoni na urithi.

Mwilini kimo kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa homoni yenye nguvu zaidi, dihaidrotestosteroni. Homoni hiyo huotesha ndevu kidevuni, lakini kwa mwenye urithi wa upara huvidhoofisha vifuko vya nywele vya utosini na juu ya paji la uso. Kila unywele unaofuata huwa mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia, hata usionekane. Vifuko vya kisogoni haviathiriwi hivyo, ndiyo maana mzee hubakiwa na nywele kama kilemba kilichopasuka juu. Wanawake nao hupungukiwa nywele, aghalabu kwenye njia ya katikati ya kichwa.

Wasemao kwamba upara hutoka kwa babu mzaa mama wamepata nusu ya ukweli. Jeni moja kubwa imo katika kromosomu X, ambayo mwana wa kiume huipata kwa mamaye. Lakini jeni nyingine nyingi hutoka pande zote mbili.

Na dawa? Zipo, ila si zile zinazonadiwa katika vituo vya mabasi. Minoksidili ilikuwa dawa ya shinikizo la damu. Wagonjwa walioimeza wakaanza kuota nywele mahali wasipotaka, na mwaka 1988 Marekani iliidhinisha ile ya kupaka kichwani. Finasteridi, inayozuia kimeng'enya nilichokitaja, iliidhinishwa huko kwa upara wa wanaume mwaka 1997. Baadhi ya wanaume huwapunguzia hamu ya ndoa, na mama mjamzito hapaswi kuitumia, kwani yaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Zote mbili hufaa zaidi mapema, na mtu akiacha kuzitumia faida yake hupotea. Kwa maoni yangu (nami sina nywele nyingi za kutetea) kijana wa kipato cha kawaida asijifunge kwa gharama ya maisha yote kwa jambo lisilo ugonjwa.

Asichanganye, hata hivyo, upara na mapunye ya watoto, ambayo ni kuvu na hutibika hospitali, wala na nywele za pembeni zinazong'oka kwa kusukwa kwa kukazwa mno. Hizo za pembeni hurudi iwapo msuko utalegezwa mapema. Zikicheleweshwa, kovu hubaki.

Kwa somo la urithi la kidato cha nne, mwalimu hahitaji maabara. Na awaulize wanafunzi wachore ukoo wao vizazi vitatu, watie alama kila mwenye upara, kisha wahesabu wangapi kati yao ni matajiri.