MIJI YETU NA HABARI ZAKE: DAGAHALEY, MAHALI PENYE MAWE

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kusoma habari za miji ya kale, kama Lamu na Mombasa, yenye misikiti ya mawe na makaburi ya mababu. Leo twaeleza habari za mji mchanga, ambao watu wengi hawauiti mji bali kambi. Huo ni Dagahaley, kaskazini ya Dadaab, katika Kaunti ya Garissa. Jina lake ni la Kisomali, na maana yake ni mahali penye mawe.

Chanzo cha Dagahaley ni cha zamani kuliko watu wadhanivyo. Hapo kwanza nchi iliyo magharibi ya mto Juba, pamoja na bandari ya Kismayu, ilitawaliwa na Waingereza pamoja na Kenya. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na wenzao waliwaahidi Wataliani malipo iwapo wangeingia vitani upande wao. Ahadi hiyo iliandikwa London mwaka 1915. Deni lililipwa mwaka 1925, Jubaland ilipokabidhiwa kwa Italia. Mpaka ukapita katikati ya malisho, na watu wa lugha moja na dini moja, na pengine wa ukoo mmoja, wakatengwa pasipo kuulizwa. Hata hivyo wafugaji waliendelea kuvuka na ngamia wao, maana mvua haijui mpaka.

Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, vita na njaa viliwatoa watu wengi makwao. Walipovuka mpaka ule ule, jina lao likawa wakimbizi. Kambi ya Ifo ilifunguliwa mwaka 1991, na mwaka 1992 zikafuata Dagahaley na Hagadera. Kambi hizo tatu zilikusudiwa watu 90,000. Ulipokuja ukame wa mwaka 2011, idadi ya watu wa Dadaab ilipita 400,000.

Dagahaley ina soko, shule, misikiti, na hospitali iliyoendeshwa kwa miaka mingi na Madaktari Wasio na Mipaka. Wako wazee ambao wajukuu wao wamezaliwa papo hapo. Lakini kwa miaka mingi mkimbizi hakuruhusiwa kwenda hata Garissa, mwendo wa kilometa 100 hivi, pasipo cheti cha ruhusa. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kwamba kambi za Dadaab zitafungwa. Februari 2017 Mahakama Kuu ililibatilisha agizo hilo.

Wenyeji nao wana neno lao, tena la haki. Kuni sasa hutafutwa mbali, malisho yamepungua, na wengi wao si matajiri kuliko hao wageni. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025, vyakusudia wageni na wenyeji watumie shule, maji na hospitali kwa pamoja. Kusudi hilo ni jema, lakini litafaa tu ikiwa pande zote mbili zitasikilizwa.

Mwaka 1925 wakubwa waligawa nchi mezani, na wenye nchi wakapata habari baadaye. Basi safari hii mwenyeji na mkimbizi waulizwe kwanza, ndipo kalamu ishikwe.