Wingi wa Maneno na Upungufu wa Maana

Wako wanafunzi, nao si wachache, waaminio kwamba jambo lenye wingi haliwezi kutajwa kwa heshima ila kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Migori akitaka kusema kwamba samaki walikuwa wengi sokoni, huandika katika insha yake kuwa palikuwa na “plethora” ya samaki. Mwenzake wa Homa Bay huandika “abundance” ya mvua. Ukiwauliza maana watajibu kuwa ni wingi. Ukiwauliza kwa nini wamechagua neno hilo wala si jingine, watanyamaza; kisha watakuambia, bila haya, kwamba Kiswahili na Kijaluo havina maneno ya cheo hicho. Sina ugomvi na Kiingereza, kwani nimekisoma na ninakipenda. Ugomvi wangu ni na mtu atumiaye neno asilolifungua, akaidharau lugha ya nyumbani kwa ajili yake.

Tulifungue basi “plethora”. Asili yake ni Kiyunani, na maana yake ya kwanza ni kujaa. Waganga wa kale walilitumia kwa ugonjwa: mwili uliodhaniwa kuwa na damu kupita kiasi, na dawa yake ilikuwa kumtoa mgonjwa damu. Ndiyo kusema kwamba ni neno la wingi udhurio. Mwandishi wetu amewageuza samaki wa watu kuwa maradhi!

Na “abundance”? Hili ni la Kilatini, na ndani yake limo neno “unda”, yaani wimbi. Maana yake ni kufurika kama maji yapitayo ukingo. Wimbi hilo hilo limo katika “inundate”, yaani kugharikisha, na katika “redundant”, neno ambalo leo huandikwa katika barua ya kumwachisha mtu kazi, ingawa asili yake ni kufurika hata kumwagika. “Superfluous” ni kitu kitiririkacho juu ya ukingo. “Affluent” ni mtu ambaye mali humtiririkia. Lakini Waingereza waliyapokea maneno haya kwa wageni, maji yake yakiwa yamekwisha kukauka. Mwingereza wa kawaida asomapo barua ile haoni wimbi lolote.

Wewe msomaji, ukaaye karibu na ziwa, huhitaji kamusi kuliona. Mto Kuja hushuka kutoka nyanda za juu za Kisii, hupokea maji ya Mto Migori, na huingia ziwani katika nchi ya Nyatike. Mvua zikizidi, hupita kingo zake na kulala mashambani. Baada ya mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961, ziwa lilipanda zaidi ya mita 2 kufikia mwaka 1964. Mwezi wa Mei 2020 lilirudi kwenye kimo hicho, likawaondoa watu majumbani mwao pwani ya Homa Bay na ya Migori pia. Aliyeyaona hayo ameiona “abundance” kwa macho yake, na Kiswahili humtajia waziwazi: kufurika, mafuriko. Soko hufurika watu, moyo hufurika furaha, na maji ya neno bado ni mabichi. Ni lugha gani basi iliyo maskini?

Kijaluo nacho husema mtungi “opong'”, lakini mtu aliyekula husema “oyieng'”. Kiswahili hutenga vivyo hivyo: mtungi umejaa, mtu ameshiba. Mwingereza, mwenye kamusi nene kama tofali, mtungi wake ni “full” na tumbo lake ni “full”.

Liko neno moja la Kiingereza nilipendalo kuliko yote haya, nalo ni dogo: “sad”. Leo maana yake ni mwenye huzuni. Zamani, katika Kiingereza cha kale, lilikuwa na maana ya aliyeshiba. Kutoka kushiba likaenda kwenye kuchoka, na kutoka kuchoka likafika kwenye huzuni. Usiwacheke. Sisi tunalo “kukinai”, lililotoka Kiarabu likiwa na maana ya kuridhika na ulicho nacho. Kwetu limekuwa pia kuchoshwa na chakula hata kukichukia. Mtu aliyekula dagaa juma zima ajua njia hiyo ilivyo fupi.

Utaniambia kwamba mtahini hutaka maneno makubwa. La hasha, mtahini ajuaye Kiingereza atauona ugonjwa wa samaki wako mapema kuliko mimi. Tena kosa halianzi na maneno makubwa. Kiswahili hutenga “sana” na “kupita kiasi”, lakini sisi tukivuka kwenda Kiingereza twaandika “too much” kwa yote mawili. Mwanafunzi humwandikia rafiki yake wa Uingereza kwamba ampenda mama yake “too much”, na yule hukaa akijiuliza ni kwa sababu gani kijana huyu ataka kumpunguzia mama yake mapenzi.