KILIO HAFIFU CHA MTOTO KISIPUUZWE

Mtoto mchanga hana lugha ila kilio. Kilio hicho kikififia au kukwaruza baada ya upasuaji wa moyo, au baada ya kuondolewa mpira wa kupumulia, kisidhaniwe kuwa ni uchovu wa ugonjwa tu. Huenda uzi mmoja wa sauti umepooza.

Mshipa wa fahamu unaoongoza uzi wa sauti wa kushoto hushuka hadi kifuani, ukazunguka chini ya mshipa mkuu wa damu, kisha ukarudi juu kooni. Ndiyo maana unaweza kuumia wakati daktari anapookoa moyo. Nyuzi za sauti zisipofunga sawasawa, maziwa huweza kuingia katika njia ya hewa, na mtoto akaugua mapafu mara kwa mara.

Kipimo kinachotegemewa ni kamera nyembamba ipitishwayo puani, na huhitaji mtaalamu wa koo. Mtoto wa Njombe aliyepasuliwa Dar es Salaam, akilazimika kurudishwa huko kwa kipimo hicho, atapita Makambako na kusafiri zaidi ya kilomita 600. Mwenzake wa Pemba atavuka bahari. Kwa mtoto mahututi, safari hizo zote mbili ni za hatari.

Hata hivyo, ipo njia nyepesi zaidi. Ultrasaundi, ambayo wajawazito wengi wanaifahamu, huweza kuonyesha nyuzi za sauti zikifunguka na kufunga. Gegedu la koo la mtoto bado ni laini, hivyo mawimbi hupenya. Kipimo hicho hakina mionzi, kwa kawaida hakihitaji dawa ya usingizi, wala mgonjwa hahamishwi kitandani.

Hatusemi kwamba kamera sasa haina kazi. Matokeo ya ultrasaundi hutegemea ustadi wa mpimaji, na penye shaka kamera ndiyo iamue. Lakini kipimo cha kwanza kikifanyika Njombe au Chake Chake, itajulikana mapema ni mtoto yupi anayestahili kusafirishwa.

Afya si jambo la Muungano, lakini bahari haigawi maradhi. Kwa hiyo tunazishauri Wizara za Afya za Bara na Zanzibar zishirikiane katika mambo matatu: kuwafundisha wapimaji wa hospitali za mikoa kazi hii, kuzipatia mashine zilizopo vipimio vidogo vinavyofaa shingo ya mtoto, na kuhakikisha kwamba barua ya kumruhusu mtoto kutoka hospitali inaeleza hali ya sauti yake na namna anavyonyonya.

Nao wazazi, wa bara na wa visiwani, wasione haya kumwambia mganga kwamba mtoto analia kwa sauti isiyo yake, au anapaliwa kila anaponyonya. Mganga naye asilipuuze neno hilo, kwa kuwa hakuna aijuaye sauti ya mtoto kuliko mama yake.