Kuugua ni Jambo Moja, Kupona ni Jingine

Titi la mwanamke limeumbwa kwa tezi za maziwa, nyuzi zinazozishikilia, na mafuta. Wako wanawake ambao mafuta ndiyo mengi, na wako ambao tezi na nyuzi zimesongamana hadi mafuta yakabaki haba. Jicho haliioni tofauti hiyo wala mkono hauihisi. Hujulikana kwa picha ya mamografia. Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya msongamano huo, kwa kuwa mambo mawili yamekuwa yakichanganywa: kinachomfanya mtu apate saratani, na kinachomfanya aishi au afe akishaipata.

La kwanza lina ushahidi wa miaka mingi. Mwaka 1976 John Wolfe, daktari wa picha mjini Detroit, Marekani, alieleza kuwa sura ya titi katika mamografia inahusiana na hatari ya kupata saratani baadaye. Mwaka 2007 Norman Boyd na wenzake wa Toronto, Kanada, walionyesha kuwa wanawake ambao asilimia 75 au zaidi ya titi lao imesongamana walikuwa na uwezekano wa kuugua unaokaribia mara tano ya wale walio chini ya asilimia 10. Juu ya hatari hiyo kuna maficho. Uvimbe wa saratani huonekana mweupe kwenye picha, na tishu iliyosongamana nayo ni nyeupe. Kuutafuta humo ni sawa na kumtafuta mvaa kanzu nyeupe katika uwanja wa sala ya Idi.

Ni rahisi basi kudhani kwamba kinachozidisha ugonjwa na kuuficha kitazidisha pia vifo vya wagonjwa. Sivyo ilivyoonekana. Mwaka 2012 Gretchen Gierach wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanawake 9,232 waliokwisha kugunduliwa na saratani ya matiti, wakafuatiliwa kwa wastani wa zaidi ya miaka sita. Umri, hatua ya ugonjwa na mengineyo yalipozingatiwa, wenye matiti yaliyosongamana sana hawakuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa kwa saratani hiyo. Walioonekana kuwa na hatari zaidi ni baadhi ya wenye msongamano mdogo kabisa: wale wenye unene wa kupindukia, na wale ambao uvimbe wao ulifikia sentimita 2 au zaidi.

Msimamo wa toleo hili unaanzia hapo. Msongamano una mengi ya kusema kabla ya saratani kugunduliwa. Ikishagunduliwa, uhai wa mgonjwa hutegemea zaidi ugonjwa umefika hatua gani, ni wa aina gani, na kama tiba itaanza mapema na kukamilishwa. Mgonjwa anayesoma neno "msongamano" kwenye cheti chake asilichukue kuwa hesabu ya siku zake zilizobaki.

Hatusemi afichwe. Nancy Cappello wa jimbo la Connecticut, Marekani, aligunduliwa na saratani iliyokwisha kuenea mwaka 2004, ingawa mamografia zake zilikuwa zikitajwa kuwa salama. Hakuwa amewahi kuambiwa kuwa matiti yake yamesongamana. Harakati zake zilizaa sheria ya jimbo hilo mwaka 2009, na tangu Septemba 2024 kila kituo cha mamografia nchini Marekani kinatakiwa kumwarifu mwanamke kuhusu msongamano wake. Ni haki yake. Lakini taarifa lazima iandamane na hatua inayofuata. Huko Uholanzi, wanawake wenye msongamano wa kupindukia walipopewa nafasi ya kipimo cha MRI, saratani zinazojitokeza katikati ya uchunguzi mmoja na mwingine zilipungua kwa nusu.

Kwa wanawake wengi wa Afrika Mashariki mamografia ingali mbali, na wagonjwa wetu wengi wana umri mdogo, umri ambao matiti huwa yamesongamana zaidi. Kwa hiyo mwenye uvimbe unaoshikika asirudishwe nyumbani kwa sababu picha ni safi. Apelekwe ultrasaundi, kisha kinyama kichukuliwe na kupimwa. Utafiti uliofanyika Uganda, Zambia, Nigeria, Namibia na Afrika Kusini ulikuta kwamba ni takriban nusu tu ya wagonjwa waliokuwa hai baada ya miaka mitatu. Wengi walifika hospitali wakiwa wamechelewa, na wapo ambao hawakupata tiba kamili. Hayo mawili yanaweza kurekebishwa.

Shirika la Afya Duniani limeweka shabaha: angalau asilimia 60 ya saratani za matiti zigunduliwe katika hatua ya kwanza au ya pili, majibu yakamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni, na angalau asilimia 80 ya wagonjwa wamalize tiba. Tunawaomba wasomaji wetu madaktari, wauguzi na wapanga bajeti wazisome makala zinazofuata wakiwa na shabaha hizo mkononi. Kila mashine mpya inayonunuliwa iulizwe swali moja: je, itamfikisha mgonjwa kwenye tiba mapema, na itamsaidia kuimaliza?